Diski ya grainda imempasukia mdogo wangu hapa Nyamasaria. Kosa lilikuwa wapi?

#1 Kaka wa Nyamasaria
Hamjambo wakuu. Mimi si fundi, ni dereva wa matatu, kwa hiyo mnivumilie nikikosea majina ya vifaa.

Mdogo wangu ana miaka 22, yuko mwaka wa pili kwenye kibanda cha mageti na madirisha hapa Nyamasaria, Kisumu. Alhamisi alikuwa anakata skwea tyubu ya inchi mbili kwa grainda ndogo. Stima ilipotea kama saa tisa, ikarudi saa kumi kasoro, akairudia kazi mbio mbio kwa sababu mwenye geti alikuwa amekaa palepale, pikapu inanguruma. Dakika moja haikuisha. Grainda ikamrukia, diski ikapasuka vipande vitatu. Kimoja kiliingia paja la kushoto. Kingine kilipasua glavu pamoja na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilimkuta hospitali ya Russia saa kumi na moja, glavu imegandana na damu, nesi anaikata kwa mkasi kidogo kidogo. Vidole vimeshonwa, ila kile cha shahada kano lake lilikatika na daktari hajasema kama kitakunja tena.

Sasa kila mtu ana lake. Bosi anasema kijana hakuwa makini. Mafundi wenzake wanasema ni glavu. Mama hataki kusikia habari ya chuma tena. Mimi nataka kuelewa, maana mwenyewe anasema akipona anarudi. Naomba mtu asiniambie ni bahati mbaya.

#2 Fundi Geti
Pole sana ndugu, na mgonjwa umpe pole zetu. Nimekata chuma miaka 17 hapa Shabab, Nakuru. Kaniulizie mambo matatu: kava la diski lilikuwepo? Ule mkono wa pembeni ulikuwa umefungwa? Na hiyo tyubu ilikuwa imelazwa juu ya nini?

#3 Kijana wa Obunga
Pole kaka. Lakini Fundi Geti, kava huku kwetu nani anatumia? Linaziba macho, huoni mstari. Mimi mwaka wa tisa huu bila kava na vidole vyangu kumi vipo. Kava halizuii diski kupasuka. Hiyo ni glavu, kitambaa kilivutwa.

#4 Kaka wa Nyamasaria
Nimepiga simu. Kava hakuna, lilitolewa siku grainda ilipotoka dukani. Mkono wa pembeni pia haupo, hata hawajui uliko. Tyubu ililazwa juu ya mawe mawili ya ujenzi, moja huku, jingine kule, akakata katikati.

#5 Fundi Geti
Katikati! Basi mimi nimeshaona. Tyubu ikishikwa ncha zote mbili, ukikata katikati kutoka juu inalegea na kuinama, ule mpasuo unajifunga juu na kuibana diski. Diski iliyobanwa inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, haina pa kwenda isipokuwa kuruka na grainda yote. Na mtu asiye na mkono wa pembeni ameshika mwili wa grainda tu, hawezi kuizuia. Kipande unachotaka kidondoke kiache kining'inie nje, ule upande mwingine ndio uubane kwa jiliwa. Hapo mpasuo unafunguka wenyewe kadiri unavyokata.

#6 Mwalimu wa Ufundi
Salaam kutoka Bungoma. Kijana wa Obunga yuko sahihi nusu. Kweli kava halizuii diski kupasuka. Linazuia vipande kuja kwako. Kwa hiyo hapa tuna maswali mawili na watu wanayachanganya: kwa nini diski ilipasuka, na kwa nini vipande vilimpata yeye. La pili limejibiwa kwenye #4. La kwanza bado.

Na hilo la kuziba macho, kava lile linazungushwa. Unalegeza skrubu moja, au unabonyeza ulimi, unaligeuza mpaka lisimame kati yako na diski, nawe mstari unauona. Wanafunzi wangu wengi wanafika mwaka wa kwanza hawajawahi kujua kwamba linageuka.

#7 Kijana wa Obunga
Haya mwalimu, kuhusu kugeuka sikujua. Lakini glavu sijaiachia.

#8 Nesi wa Zamu
Niseme la glavu kwa sababu naona mikono hiyo ikiletwa, niko upande wa Kakamega. Majeraha mabaya zaidi niliyoyaona yalitoka kwa drili ya kusimama, ile ya mezani. Fundi alivaa glavu za uzi, ncha ya drili ikashika uzi mmoja, ukajisokota, ukavuta glavu yote na kidole ndani yake. Chuma hakikumgusa. Kilichomjeruhi ni kule kusokotwa. Glavu ilipotolewa, kidole kilibaki ndani yake.

Huyu wa Nyamasaria ni tofauti. Kaka ameandika "kilipasua glavu". Je, glavu ilikatwa safi kama kwa kisu, au ilisokotwa? Ulimwona nesi akiikata, bila shaka uliiona.

#9 Kaka wa Nyamasaria
Ni za ngozi, zile za kijivu za kuchomelea. Zilikatwa. Mstari mmoja umenyooka kutoka kidole cha shahada hadi cha kati. Hazikusokotwa.

#10 Nesi wa Zamu
Basi glavu haikumvuta. Huenda hata ilisaidia, kama kipande kilitumia nguvu kupita kwenye ngozi ya ng'ombe kabla ya kufika yake. Kwa grainda, ngozi inayobana mkono ni sawa. Kwa drili ya mezani, leithi (mashine ya kuchongea) na msumeno wa meza, mikono mitupu, mikono ya shati imekunjwa, pete imevuliwa, nywele zimefungwa.

#11 Mzee Randa
Binti yangu nesi asante. Mimi ni seremala wa zamani Luanda, Vihiga, nimefundishwa mtu agonge jiwe la grainda kwa mpini wa bisibisi kabla ya kulifunga. Likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka unatupa. Huyo kijana aligonga?

#12 Mwalimu wa Ufundi
Shikamoo mzee wangu. Hiyo mbinu ni ya kweli, lakini ni ya yale mawe ya mezani ya kunolea patasi, yaliyochomwa kama vyungu. Diski hizi nyembamba za kukatia zimeshikwa na gundi ngumu na ndani zina wavu wa nyuzi. Hazilii kengele hata zikiwa nzima. Hizi unaziangalia kwa macho, unatafuta ufa na ukingo uliomeguka, kisha ukifunga mpya unaiacha izunguke tupu nusu dakika hivi, umeielekeza mbali na watu.

#13 Mzee Randa
Marahaba. Basi nimejifunza nikiwa na mvi.

#14 Duka la Vyuma
Mimi nauza vifaa Kisumu mjini. Kaka, kama kile kipande cha katikati cha diski bado kipo, tazama ule mviringo wa chuma kwenye tundu. Diski nzuri zimepigwa chapa hapo ya mwezi na mwaka.

#15 Kaka wa Nyamasaria
Nilipita leo asubuhi kabla ya zamu yangu. Katikati ipo, ilibaki imefungwa kwenye grainda. Mviringo umeandikwa V04/2022. Karatasi yake imechanika lakini inasomeka 6650.

#16 Kabras Damu
2022 ndiyo ilitengenezwa. Si mbaya.

#17 Duka la Vyuma
Hapana ndugu wa Kabras. Hiyo ni tarehe ya mwisho. Diski za gundi hupewa miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa hiyo hiyo ilitoka kiwandani 2019. Gundi ile huchoka, na hunyonya unyevu. Huku ziwani hewa ni maji matupu, mimi diski zangu naziweka rafu ya juu, zimelala bapa, mbali na ukuta. Kuna watu wanazinunua wanazitupa kwenye ndoo chini, juu ya sakafu ya udongo.

Lakini hiyo 6650 ndiyo imenishtua zaidi ya tarehe.

#18 Fundi Geti
Hata mimi nimeshika kichwa. Wakuu, hiyo ni diski ya inchi tisa!

#19 Kaka wa Nyamasaria
Nifafanulieni. Grainda ni ndogo, ya inchi nne na nusu, na diski ilikuwa inaingia vizuri.

#20 Mwalimu wa Ufundi
Tundu la katikati ni lilelile, milimita 22.23, kwa diski ndogo na kwa kubwa. Ndiyo mtego wenyewe. Diski ya inchi tisa, yaani milimita 230, imeruhusiwa mizunguko 6,650 kwa dakika. Ile ndogo ya milimita 115 imeruhusiwa 13,300. Grainda ndogo inazunguka kama 11,000. Ukihesabu utaona zote mbili zinafikia kasi ileile ukingoni, mita 80 kwa sekunde, karibu kilomita 288 kwa saa. Wewe ni dereva, hiyo kasi pima mwenyewe.

Vibanda vingi hutumia diski kubwa kwenye grainda kubwa mpaka iishe na kuwa ndogo, kisha wanaihamishia kwenye grainda ndogo wapate faida ya kile kilichobaki. Ndiyo maana kava linatolewa. Si kwa sababu ya macho. Ni kwa sababu diski kubwa iliyolika haipiti ndani ya kava dogo.

#21 Kijana wa Obunga
Mwalimu, ngoja. Umesema mwenyewe kinachopasua ni kasi ya ukingoni. Diski ikishalika ukingo umesogea karibu na katikati, kasi imepungua. Diski ya milimita 120 kwa mizunguko 11,000 nimeipiga kwenye simu, nimepata mita 69 kwa sekunde. Ni chini ya 80. Sasa kosa liko wapi? Sisi tunafanya hivyo kila wiki na diski ni pesa.

#22 Fundi Geti
Kijana wa Obunga leo amekuja na hesabu! Mwaka wa tisa umelipa.

#23 Mwalimu wa Ufundi
Hesabu yako ni safi na nimefurahi umeipiga. Sasa ipige tena kwa milimita 150.

#24 Kijana wa Obunga
86.

#25 Mwalimu wa Ufundi
Umeona. Nani kwenye kibanda alishika rula siku ya kuihamisha? Ikihamishwa mapema kidogo imepita mpaka, na kwa macho milimita 120 na 150 hazitofautiani sana ukiwa na haraka. Pia diski iliyolika kutoka 230 imeshapigwa, imechemka, imebanwa mara ngapi? Namba ya mizunguko imeandikwa kwa mtu asiyeweza kujua hayo yote. Soma namba ya diski, soma namba ya grainda, ya diski ikiwa ndogo usifunge. Basi.

#26 Kaka wa Nyamasaria
Nimemuuliza mdogo wangu kitandani. Anasema diski alikuta imeshafungwa, aliifunga mwenzake asubuhi. Yeye aliwasha tu. Hakulia siku ile ya ajali lakini leo aliposikia hiyo habari ya inchi tisa alinyamaza, akageukia ukutani.

#27 Mama Chai Kibuye
Mwanangu, mpe pole, mwambie ale. Mimi nauza chai na mandazi kando ya wachomeleaji Kibuye. Cheche zao zilitoboa kitenge changu matundu kama ungo, nikahamisha meza. Mwaka jana moja iliniingia jichoni. Nikasugua, nikaosha kwa chai ya rangi kama tulivyozoea, siku mbili jicho likawa jekundu kama pilipili. Nilipelekwa Sabatia kule Vihiga kwenye hospitali ya macho, wakatoa kipande cha chuma kidogo kuliko chembe ya sukari, na kutu yake imebaki imezunguka kama pete, ikabidi waikwangue. Wenye grainda wanavaa miwani wao. Sisi wapita njia je? Watoto wa shule je?

#28 Nesi wa Zamu
Mama asante kwa kulisema. Chuma kikiingia jichoni usisugue, usitoe kwa ncha ya leso, usitie chai wala maziwa ya mama anayenyonyesha. Maji safi yatiririke. Kisha hospitali siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza.

Na nyie mafundi, mwenzenu akikatwa: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, mkono uinuliwe juu ya moyo, usiachie kila dakika kuchungulia. Kidole kikitoka kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, halafu huo mfuko ndio uuweke kwenye barafu. Barafu isiguse nyama. Nimeletewa kidole ndani ya chupa ya dizeli na kingine ndani ya pakiti ya unga. Watu walidhani wanakihifadhi.

#29 Nyuki wa Menengai
Wakuu nimechelewa, nilikuwa juu ya paa. Mimi ni fundi wa stima, Nakuru. Mbona mmeruka habari ya stima kurudi? Kaka amesema ilipotea kwa kama saa nzima, ikarudi, na ajali ikaja ndani ya dakika. Stima ikirudi huwa haitulii mara moja. Nimeshapima 262 kwenye soketi ya karakana badala ya 240. Mota za grainda na drili, zile zenye kaboni, kasi yake hufuata volti. Volti ikipanda inazunguka zaidi. Ukiongeza na diski iliyokuwa tayari ukingoni mwa mpaka, hapo ndipo ilipovuka.

#30 Fundi Geti
Nyuki, inapanda kiasi gani? Kutoka 240 hadi 262 hata moja kwa kumi haifiki. Diski nzima ingevumilia. Mimi bado nasema ilibanwa. #4 someni tena, mawe mawili.

#31 Nyuki wa Menengai
Diski nzima, ndiyo. Hii haikuwa nzima. Ilikwisha muda, ni ya inchi tisa, na imelika.

#32 Duka la Vyuma
Basi ni muda na unyevu, mimi nilisema #17.

#33 Mzee Randa
Stima kurudi nina kisa chake. Mwanafunzi wangu alikuwa anapiga mbao za saipresi kwa randa ya umeme. Stima ikapotea, akaiweka mezani, akaenda nyumbani. Kile kitufe cha pembeni kinachofunga swichi kilikuwa bado kimebonyezwa. Saa mbili usiku stima ikarudi. Mimi nilikuwa nakula, nikasikia mngurumo karakanani. Nilipofungua mlango randa ilikuwa inatembea mezani yenyewe, inakula ubao wa meza, ikafika pembeni, ikaanguka na kuukata waya wake. Cheche moja, giza. Mjukuu wangu wa miaka minne huwa anacheza chini ya meza ile na maranda. Toka siku hiyo, stima ikipotea karakana yangu plagi zote zinatolewa ukutani, na kijana anayesahau anafagia wiki nzima.

#34 Mwalimu wa Ufundi
Mzee, hicho kisa nitawasomea darasani. Misumeno ya meza iliyo bora ina swichi inayoanguka yenyewe stima ikikatika, haiwaki mpaka uibonyeze upya. Grainda nyingi za mkononi hazina.

#35 Kabras Damu
Na wasio na plagi? Pale ninapofanya kibarua grainda imekatwa plagi, waya mbili zinachomekwa kwenye soketi na kushindiliwa na njiti za kiberiti. Unachomoaje? Unavuta tu.

#36 Nyuki wa Menengai
Jamani! Hilo la njiti nalikuta kila karakana kuanzia Kaptembwo hadi Free Area. Plagi ile ya pini tatu ndani ina fyuzi, ndiyo mlinzi wa waya wako. Ukiikata umemfukuza mlinzi. Na pini ile ndefu ni ya ethi, yaani waya unaoshuka ardhini. Tazameni kibandiko cha kifaa: ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, hicho kimefunikwa mara mbili na hakihitaji ethi, ndiyo maana waya wake ni wa nyuzi mbili. Usipouona huo mraba na kifaa kina mwili wa chuma, bila ethi siku koili ikigusa mwili wewe ndiye ethi.

Halafu muwe na ile swichi tunayoiita RCD, inayokata stima ikivuja, ya miliampia 30. Breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue, haikulindi wewe. Miliampia 30 ni kidogo mno kwa breka ya ampia 20 kushtuka, lakini kifua cha mtu kinaweza kukakamaa nazo. Fundi aliyesajiliwa na EPRA, mamlaka ya nishati, anakufungia, akabonyeza kile kitufe cha majaribio mbele yako. Wewe nawe ukibonyeze kila baada ya miezi mitatu hivi.

#37 Kijana wa Obunga
Nyuki, nyie Nakuru mna ethi kweli? Ardhi yenu ni majivu ya volkano ya Menengai, ukichimba shimo linapiga chafya.

#38 Nyuki wa Menengai
Umenishika pabaya. Ni kweli, Januari ardhi ikikauka fimbo ya ethi nikiipima inasoma vibaya sana. Nazichimbia fimbo mbili au tatu, ndefu, nazifunga pamoja. Lakini na nyie wa tambarare za Kano huko Kisumu msijisifu, udongo mweusi unapasuka kiangazi mpaka fimbo inacheza kama jino bovu. Ndiyo maana nasisitiza RCD, hata ethi ikiwa dhaifu inahisi mvujo.

#39 Fundi Geti
Na ekstensheni zile za kuzungusha kwenye gurudumu, mzifungue zote hata kama kazi iko mita mbili. Iliyokunjwa inajipika yenyewe. Moja yangu iliyeyuka ikawa kama mkate, nyaya zimeshikana, na nilikuwa nimechomeka mashine ya kuchomelea na grainda pamoja. Breka haikukata.

#40 Kaka wa Nyamasaria
Nasoma yote, na mdogo wangu namsomea. Anauliza swali: bosi amesema yeye ni mwanagenzi, hakuajiriwa, kwa hiyo gharama za hospitali ni juu yake. Ni kweli?

#41 Mwalimu wa Ufundi
Si kweli. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaja hata mwanagenzi anayejifunza kazi. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku saba tangu ajue, na matibabu ni mzigo wake. Kama ni Alhamisi basi siku bado zipo. Nenda ofisi ya kazi ya kaunti na barua ya hospitali na majina ya walioshuhudia. Na kile kipande cha diski usikiache kwenye kibanda.

#42 Kabras Damu
Siku hizo si mwajiri hupewa notisi kwanza? Nilisikia mtu wa Webuye aliambiwa aende kortini.

#43 Mwalimu wa Ufundi
Aanzie ofisi ya kazi. Wewe wa Kabras nawe kanunue plagi, ni bei ya chakula cha mchana.

#44 Kabras Damu
Nimenunua jana, mwalimu. Nimeifunga mimi mwenyewe kwa pesa yangu. Fyuzi niweke ya ngapi?

#45 Nyuki wa Menengai
Soma wati kwenye kibandiko, gawanya kwa 240. Grainda ya wati 850 inakula ampia tatu na nusu hivi, ya 3 itakatika, weka ya 5. Ya 13 ni ya mashine kubwa.

#46 Fundi Geti
Kaka, tyubu yenyewe iko wapi? Kama haijakatwa zaidi, chukua diski mpya ya unene uleule, ichomeke kwenye ule mpasuo kwa mkono, tyubu ikiwa juu ya mawe yaleyale. Ikibanwa juu, jibu ni langu.

#47 Kaka wa Nyamasaria
Nimeenda leo Jumapili, kibanda kimefungwa lakini mlinzi alinifungulia. Tyubu ipo palepale juu ya mawe, damu imekauka kwenye moja. Mwenzake aliyefunga diski alikuja pia, hakusema neno, alinishikia tyubu. Nilipima mabaki ya diski, unene milimita 3. Mpya ya milimita 3 inaingia ukiichomekea ubavuni kwa chini. Juu haiingii, inashikwa.

#48 Fundi Geti
Nilisema.

#49 Duka la Vyuma
Ngoja. Grainda iliruka kwa nguvu ile, tyubu ingeweza kuinama wakati huo, si kabla. Mpasuo umejifunga baada ya ajali au kabla? Huwezi kujua kwa kuutazama leo.

#50 Nyuki wa Menengai
Na mtu kama alikanyaga tyubu wakati wa kumbeba majeruhi?

#51 Kaka wa Nyamasaria
Mwenzake anasema yeye ndiye aliyeikanyaga, alipokuwa anaruka kwenda kuchomoa waya. Hakumbuki mguu ulitua wapi.

#52 Kijana wa Obunga
Kaka, mwambie huyo mwenzake asijitese, mimi wiki iliyopita nilifunga ya inchi tisa kwenye ndogo. Nimeitoa jana. Nimepekua ndoo yote ya kibanda chetu, nimepata saba zenye 6650, nne zimepita 2022. Naomba kuuliza, kava la grainda ya inchi nne na nusu mtu analipata wapi likiwa peke yake bila kununua grainda nzima?

#53 Duka la Vyuma
Njoo nalo jina na namba ya grainda yako, kola za kufungia kava hazifanani. Lete na hiyo skrubu kama bado unayo.